Makabati Mawili ya Dawa

Zuhura mwanangu,

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anasema bado lina nafasi, wewe unasema zipu itapasuka. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na matapeli wa stendi amekwisha kukwambia mara ishirini, kwa hiyo mimi siyagusi. Jua ndiyo kwanza limezama hapa Al Twar, Dubai. Arbab, mzee wangu wa kazi, amekula na kunywa dawa zake, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya chumba chetu cha uani, karatasi mapajani. Kesho utakuwa angani. Kuna jambo ni lazima ulijue kabla hujaingia kwenye geti la hospitali ile niliyofanyia kazi, na kulisema kwa mdomo kumenishinda. Najaribu tangu Alhamisi.

Unakumbuka Alhamisi tulipokwenda soko la Naif kununua hilo sanduku. Yule mama wa Mombasa aliyekuwa anafunga marobota ya madera alikutazama juu mpaka chini akakuuliza, "Na wewe msichana, waenda kufungua duka Tanzania?"

Ukamjibu, "Nakwenda kufungua makabati ya dawa." Kisha ukamsimulia, tena kwa sauti, kwamba baba yako alikuwa muuguzi kule kusini, kwamba masista walimwacha mwanamke aliyejifungua akafa, na kwamba kati ya wafanyakazi wote ni baba yako tu aliyethubutu kuandika ukweli.

"Wallahi, huyu ndiye mzazi!" yule mama akasema. "Nenda ukawanyooshe, dada, wasikutishe." Akanipa mkono, nami nikaupokea.

Hayo uliyomsimulia uliyapata kwangu. Umeyasikia tangu una miaka saba, ndiyo yaliyokupeleka kwenye udaktari, na ndiyo yaliyokufanya uombe mwenyewe kupangiwa wilaya ambayo wenzako wanaikimbia. Halmashauri imekupokea kwa mikono miwili. Mpango wako wa kwanza umeutaja mezani kwangu zaidi ya mara moja: kuwaondoa masista kwenye stoo ya dawa na wodi ya wazazi, moja kwa moja. Sasa nisikilize. Ulilojengea mpango huo si kweli.

Niruhusu nianzie mbali kidogo, Italia, maana huko ndiko moyo wangu ulikofunguka.

Miaka minne iliyopita familia ya Arbab ilipokwenda kukimbia joto, nilikwenda nao kumsukuma mzee kwenye kiti chake. Siku moja tulifika mji unaoitwa Siena, uliojengwa wote kwa matofali mekundu juu ya vilima, vichochoro vyake vinapanda na kushuka mpaka nikawa nasimama kila kona. Madam wa nyumba na watoto wakatawanyika madukani. Mimi na mzee tukabaki kwenye uwanja wa kanisa kuu, jua limetusimamia utosini. "Yalla, Salumu, tafuta kivuli," akasema. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa jengo kubwa linalotazamana na kanisa. Nikamsukuma ndani.

Zuhura, niliwahi kuingia majengo makubwa. Hapa Dubai kila mwezi wanainua jengo linalokufanya ushike kofia ukilitazama. Lakini ukumbi ule ulinisimamisha. Ulikuwa mrefu sana, dari imepinda juu kwa juu, na kuta zote mbili zimechorwa watu kwa rangi ambazo bado zinang'aa. Nilidhani ni kasri la mfalme. Mtembezaji, binti mwenye miwani wa umri kama wako, akatusogelea akasema kwa Kiingereza, "Hii ilikuwa wodi."

Nikamwomba arudie.

"Wodi ya hospitali. Vitanda vilipangwa huku na huku. Wagonjwa walilala humu kwa mamia ya miaka, mpaka juzijuzi. Bado kuna watu hapa mjini ambao bibi zao walilazwa humu."

Nilisema Subhanallah kwa sauti mpaka watu wakageuka. Chumba kizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona, na waliwekewa maskini wenye kuhara na vidonda! Mtu aliyelala pale mgongo chini, homa imempanda, alikuwa anafumbua macho na kuona dhahabu. Mimi nimefanya kazi kwenye wodi tatu, na dari zote tatu zilikuwa na madoa ya popo.

Kisha nikaona kilichochorwa. Nilitarajia malaika. Walikuwapo watakatifu sehemu sehemu, lakini ukuta mzima ulikuwa umechorwa kazi yetu. Wanawake wananyonyesha watoto waliookotwa. Watu wanagawa mikate. Na kwenye picha moja kuna kijana mwenye jeraha la kutisha pajani, limeachama, na mtu amepiga magoti mbele yake anamwosha mguu. Pembeni waganga wawili wanakagua chupa ya mkojo kwa makini kama tulivyofundishwa. Upande wa pili mtawa mnene amemwinamia mgonjwa kitandani, anamsikiliza akiungama. Na chini sakafuni mbwa na paka wanakorofishana, hakuna anayewajali. Hapo nikacheka, maana wodi yetu nayo ilikuwa na paka wake, tukimfukuza mlangoni anaingilia dirishani.

Binti yule akatueleza historia. Mwanzoni mapadri wa kanisa lile la ng'ambo ya uwanja walisema hospitali ni yao. Watu wa kawaida waliojitolea kuiendesha wakasema hapana. Baadaye wakuu wa mji nao wakaitamani, kwa sababu watu wakifa walikuwa wanaiachia mashamba na nyumba, ikawa na nguvu kuliko wengi wa wakuu wenyewe. Wakavutana kizazi baada ya kizazi, nani amteue mkuu wa hospitali, nani aikague, mapadri wakiandika kwa Papa, wakuu wakipitisha sheria. Mwisho mji ukashinda. Mkuu akawa mtu wa mji, si padri, lakini hata huyo alijitoa yeye na mali yake kwa hospitali kama anayeingia utawa.

Nilikuwa nasikiliza mdomo wazi. Miaka yote nilidhani ugomvi ule ni wetu peke yetu, umezaliwa kule kusini kati ya askofu wetu na halmashauri yetu. Kumbe ulikuwapo kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, ukazungumzwa kwa lugha nyingine na watu waliovaa kofia za ajabu!

 Arbab alikuwa anamtazama kijana mwenye jeraha. Akaniuliza, "Alipona?"

Nikatafsiri. Binti akatabasamu. "Wamemwosha zaidi ya miaka mia tano. Nadhani anakaribia."

Mzee hakucheka. Akaniambia kwa Kiarabu, polepole, kwamba alipokuwa mtoto hapa Dubai hawakuwa na hata kitanda kimoja cha hospitali. Mama yake aliumwa tumbo, akachomwa kwa chuma cha moto kama ilivyokuwa dawa yao, akafa siku ya tatu. "Na hawa," akasema, akinyoosha kidole ukutani, "waliwachora watu wanaoosha miguu."

Mimi nilikuwa namtazama yule aliyepiga magoti. Nikamuuliza binti, "Huyu anayeosha ni wa mji au wa kanisa?"

Akafikiri. "Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hapo nililia, Zuhura. Wewe hujaniona nikilia hata siku moja. Nililia kwa kwikwi mbele ya watalii wenye kamera, nimeshika vishikio vya kiti cha mzee, na sasa nakwambia sababu.

Unajua kuliko mimi hospitali teule inavyokwenda: majengo ya jimbo la kanisa, mishahara na sehemu ya dawa kutoka serikalini, bodi moja yenye watu wa pande zote. Kwenye karatasi ni jambo zuri, na kwa miaka mingi kwetu lilikuwa zuri kweli. Nilifika pale kijana wa Kiislamu nisiyejua kushika kipimajoto, na aliyenifundisha uuguzi ni Sista Leokadia, mkuu wa wodi ya wazazi. Mwanamke mfupi, mkali, mwendo kama anawahi moto. Nilimwona mara moja akimpulizia pumzi mtoto aliyezaliwa wa bluu, dakika baada ya dakika, sisi tumekwisha kata tamaa, mpaka yule mtoto akapiga chafya.  Siku hiyo niliamua kwamba hii ndiyo kazi nitakayoifanya maisha yangu yote.

Halafu ukaja mwaka ule dawa zilipokuwa za kutafuta kwa tochi. Misheni ilipata zake kutoka Ulaya, serikali ilileta kidogo kutoka Dar es Salaam, na kila upande ukaanza kuushuku mwenzake. Yakawekwa makabati mawili ndani ya stoo moja, la misheni kushoto, la serikali kulia. Hilo halikutosha. Wakapiga mstari wa rangi nyeupe sakafuni, katikati. Tulitaniana kwamba hata panya wameshajua upande wao. Ufunguo wa kabati la serikali nikapewa mimi, pamoja na barua ya halmashauri: kitu chochote kikienda upande wa misheni lazima kiwe na saini ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Wodi ya wazazi, kwa sababu mkuu wake alikuwa sista, ikahesabiwa upande wa misheni.

Nilivimba kichwa kwa ule ufunguo, usiniulize. Na nilikuwa na kinyongo. Wiki moja kabla, Sista Leokadia alinirudisha kunawa mikono mara tatu mbele ya wanafunzi wa uuguzi, na wasichana wale walicheka. Alikuwa na haki, kucha zangu zilikuwa chafu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mke na mtoto, na ufunguo shingoni.

Ilikuwa mchana, saa nane na kitu. Nilikuwa nimekaa stoo nakunywa chai. Sista akaingia anakimbia, aproni yake ina damu mpaka magotini. Bi Asumini, mwanamke aliyeletwa asubuhi na mumewe kwa baiskeli, alikuwa amejifungua salama na sasa anavuja damu isiyosimama. Kabati la misheni lilikuwa tupu. Shehena yao ilikuwa imekwama bandarini.

"Salumu, nipe chupa mbili za dripu na sindano ya kuzuia damu."

Nikamwambia, "Sista, saini."

Akanitazama kama hanijui. "Salumu, anakufa."

"Utaratibu ni utaratibu, Sista. Sikuutunga mimi."

Zilikuwa nyuma yangu. Ningenyoosha mkono bila kusimama ningezigusa. Hakunipigia kelele. Nafikiri alinijua vizuri kuliko nilivyojijua, akaona kwamba kubishana kutamla muda. Akamwachia mkunga mwenzake amkandamize mgonjwa tumbo, akapanda pikipiki ya misheni, akaenda wilayani. Mganga Mkuu alikuwa kikaoni. Alirudi baada ya saa mbili, vumbi limemjaa kwenye kope, karatasi ya saini mkononi. Bi Asumini alikuwa ameshafariki.

Nikafungua kabati. Nilitoa chupa mbili na sindano moja, nikamwekea juu ya meza, nikamwonyesha mahali pa kutia saini. Sijui ni shetani gani alikuwa ananiendesha. Yeye akasaini, akazichukua, akarudi nazo wodini kwa mgonjwa aliyekwisha funikwa shuka.

Uliundwa uchunguzi. Watu wa halmashauri walinikalisha, wakaniambia niandike nilichokiona. Niliandika hivi: kwamba siku hiyo, mgonjwa akiwa katika hali mbaya, mkuu wa wodi Sista Leokadia aliondoka hospitalini kwa pikipiki kwa muda wa saa mbili. Kila neno lilikuwa kweli. Nimewahi kusema uongo mdogo mdogo kama watu wote, lakini uongo wangu mkubwa kuliko wote niliuandika kwa maneno ya kweli matupu, kwa mwandiko mzuri. Niliacha tu kusema alikwenda wapi na nani alimtuma.

Walipomhoji, yule mwanamke mkali alisema, "Niliondoka. Ni kweli." Basi. Hakutaja jina langu. Jimbo liliogopa kashfa likanyamaza. Wakamtoa wodini, mkunga aliyepulizia uhai watoto sijui wangapi, wakampa darasa la ushonaji. Halmashauri ikachukua stoo nzima, mimi nikapandishwa cheo. Nilikaa mwaka mmoja. Kila nikipita nje ya darasa lile nikasikia vyerehani, nilikuwa nageuza njia. Nafasi ya Dubai ilipotokea niliruka nayo, nikawaambia watu nakwenda kutafuta maisha.

Na wewe ulipoanza kuuliza kwa nini tuliondoka, nikakupa hadithi. Mwanzoni niliisema kwa haraka ili uniache. Halafu nikaona macho yako yanavyong'aa ukinisikiliza. Zuhura, ni kitu kitamu sana mtoto wako akikuona shujaa. Nikawa naisimulia bila kuulizwa.

Kule Siena, Arbab aliningoja nimalize kulia, akauliza, "Nani alikufa?" Nikamwambia yote, Kiarabu changu kibovu kikinikwama. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyasikia; hata mama yako nilimwambia juzi tu, na hajanisemesha vizuri mpaka sasa. Mzee akainua macho tena kwenye ile picha. Kisha akasema, "Mwambie binti yako kabla hajakupenda zaidi." Nikasema inshallah. Miaka minne nimesema inshallah.

Sikwambii masista ni malaika. Wapo waliokuwa wachoyo na ile misaada yao ya Ulaya, na upande wa misheni nao ulikuwa na barua zake za kijinga. Wala sikwambii halmashauri ni wabaya; waliojenga wodi ya watoto ni wao. Huenda ukifika na kutazama kwa macho yako utaona mpango wako bado unafaa. Wewe ndiye daktari. Ninachokuomba ni kwamba usiujenge juu yangu. Siku ile pale stoo sikuwa mtu wa serikali wala adui wa kanisa, nilikuwa mwanamume aliyechekwa na wasichana, akapata barua ya kujifichia. Ukiwa mkubwa wa mahali, barua kama hizo zitakujia nyingi, na nyingine utaziandika mwenyewe. Mimi bado najiuliza ningefanya nini kama ile isingekuwapo, na sina uhakika na jibu.

Sista Leokadia yu hai. Dada mmoja wa kule anayefanya kazi za ndani hapo Qusais, mtaa wa jirani, ameniambia anatembea kwa fimbo na bado anafundisha wasichana kushona. Yule mtoto aliyezaliwa na Bi Asumini siku ile alibaki hai, akachukuliwa na bibi yake. Jina lake sikuwahi kuuliza.

Nilitaka kukupa barua umpelekee Sista, halafu nikaona ni ujanja ule ule, mwanamke mwingine anakimbia na karatasi yangu. Kwa hiyo jana asubuhi, niliposema nakwenda kuchukua dawa za Arbab, nilikuwa posta. Nimetuma barua tatu kwa rejista. Moja kwa mkurugenzi wa halmashauri, moja kwa askofu, zinafanana neno kwa neno, zimeandikwa alikwenda wapi na nani alimtuma. Ya tatu ni ya kwake, na hiyo ni fupi.

Hazirudishiki tena. Huenda zikafika kabla yako, huenda wiki moja baada ya wewe kuripoti, na najua ninakuharibia mapokezi. Waliokuita watakuona kwa jicho jingine, na upande wa pili hawatakupenda kwa ajili ya hilo. Nisamehe, mwanangu. Ukitaka kukasirika kasirika, nina simu, nipigie unitukane, nitapokea. Na kama utakaa muda bila kunipigia nitaelewa, ila mpigie mama yako.

Nimekupenda tangu siku ulipozaliwa kwenye wodi ile ile, mikononi mwa Sista yule yule. Hilo pia sikuwahi kukwambia.

Ukifika wazee wa pale watakuuliza wewe ni binti wa nani, ndivyo walivyo. Waambie wewe ni binti wa Salumu, yule aliyekuwa na ufunguo. Waangalie usoni, kisha nenda ukanawe mikono, uingie wodini.

Baba yako